Mlima mmoja, funguo tatu: barua ya wazi kutoka Goma

Kwa mawaziri wa mazingira na wa mambo ya ndani wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Uganda. Kwa wanaoshika mamlaka leo Goma na Rubavu. Kwa wakuu wa hifadhi za Virunga, Volcanoes na Mgahinga. Na kwa sekretarieti ya CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, pale Gisenyi.

Waheshimiwa,

Nina ombi moja, nalitaja mapema ili msilitafute katikati ya maneno mengi. Naomba muandike na kutia sahihi makubaliano mafupi kati ya Goma, upande wa Kongo, na Rubavu, upande wa Rwanda, yenye vipengele viwili. Kwanza, volkano ya Nyiragongo ikilipuka, au gesi ya Ziwa Kivu ikichafuka, bariera zote, yaani mageti ya mpakani, zifunguliwe papo hapo, usiku au mchana, kwa mtu yeyote, awe na karatasi au hana. Pili, vipimo vya mlima na vya ziwa visomwe pande zote mbili kwa saa ileile. Yote nitakayoandika hapa chini ni sababu za ombi hilo.

Tazameni tulivyokaa. Goma imejengwa juu ya lava ya zamani. Kaskazini, chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji, ndipo iliposimama Nyiragongo yenye urefu wa mita 3,470. Kusini ni ziwa. Magharibi ni barabara ya Sake, na juu yake Nyamulagira, volkano nyingine isiyolala. Mashariki ni Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, ambao nyumba zake zinakaribiana na zetu mpaka jogoo wa huko huamsha watoto wa huku. Anayekimbia lava Goma ana njia chache tu, na iliyo fupi kuliko zote ina geti, askari na saa ya kufungwa.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikapita katikati ya mji ikaugawa vipande viwili, ikafika hadi ziwani. Mamia ya maelfu ya watu waliingia Gisenyi kwa miguu, na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Wengi walirudi baada ya siku chache tu, ardhi ikiwa bado ya moto, kwa sababu ng'ambo hapakuwa na mpango wowote wa kuwapokea watu wengi kiasi kile. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Milima. Viongozi wa nchi nyingi walizungumza kuhusu milima kwenye kumbi, na sisi tulikuwa tunafukua mabati.

Miaka 19 baadaye, Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mbingu ya Goma ikawa nyekundu jioni. Hakuna aliyekuwa ametupa tahadhari. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma kilikuwa kimetoka kukaa miezi bila fedha za intaneti ya kupokea vipimo vya mashine zake, kwa hiyo wanasayansi wetu, watu hodari wanaoupanda mlima ule tangu ujana wao, walikuwa kama daktari aliyenyang'anywa kipimo cha joto. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikameza nyumba kwa nyumba, ikasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Usiku ule maelfu ya watu walivuka kwenda Rubavu, na Rubavu iliwapokea. Nawashukuru majirani zetu kwa usiku ule, na nataka shukrani hiyo isomwe kabla ya malalamiko yangu.

Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru kartiye (mitaa) kumi za mji zihamishwe kwa sababu magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa. Sisi wa kartiye ya Majengo tulienda Sake. Tulilala shuleni na kanisani na kando ya barabara, maji yakawa ya kupigania. Wengine walipanda mashua kuelekea Bukavu, wengine walifika Minova, wengine walivuka tena bariera bila kujua kama watakaribishwa au watarudishwa. Matetemeko yalikuwa yanapita chini ya mpaka: nyumba za Rubavu zilipasuka kuta kama za Goma, barabara zao zikafunguka nyufa kama zetu. Watu wa Rubavu walikuwa katika hatari ileile, wanategemea mlima uleule uliokuwa unapimwa kutoka upande wetu, na wakati huo hapakuwa na meza moja ambapo mtu wa Goma na mtu wa Rubavu wanakaa pamoja kusema: sasa tuwaambie watu nini?

Hatari ya jambo hilo ilionekana mahali pengine, kwenye milima iliyo tajiri kuliko yetu. Chini ya mlima Mont Blanc, Ulaya, kuna njia ya magari yenye urefu wa zaidi ya kilomita 11, inayounganisha Ufaransa na Italia. Tarehe 24 Machi 1999 lori lililobeba unga na majarini lilishika moto katikati ya njia hiyo. Watu 39 walikufa. Njia ilikuwa moja, ila vyumba vya kuisimamia vilikuwa viwili, kimoja cha Wafaransa na kimoja cha Waitalia, kila kimoja na amri zake. Upande mmoja uliendelea kusukuma hewa ndani, na moshi ukazidi kuwafuata watu waliokwama upande wa pili. Nchi hizo mbili hazikuwa na vita. Zilikuwa na sarafu imara, hospitali, na waokoaji waliofunzwa milimani. Kilichokosekana ni amri moja. Njia ilipofunguliwa tena mwaka 2002 ilikuwa chini ya usimamizi mmoja na chumba kimoja cha amri. Ilibidi watu 39 wafe kwanza. Goma imezika watu katika milipuko ya 1977, 2002 na 2021, na chumba chetu kimoja bado hakijajengwa.

Msiniambie kwamba haiwezekani hapa kwetu. Inawezekana, kwa sababu mmekwisha kuifanya kwa ajili ya gorila.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, gorila wa milimani waliobaki kwenye safu ya Virunga walikuwa karibu 250 tu. Tangu 1991 kumekuwa na mpango wa pamoja wa kuwalinda unaounganisha hifadhi za nchi tatu. Fikirini yaliyopita hapa tangu mwaka huo: mauaji ya kimbari Rwanda, kambi za wakimbizi pembeni mwa Goma, vita vya 1996, vita vya 1998, na vikundi vyenye silaha ambavyo hata sisi tumeshindwa kukariri majina yao yote. Katika miaka hiyohiyo walinzi wa hifadhi wa nchi tatu waliendelea kupeana habari za mitego na za makundi ya gorila, wakati mwingine serikali zao hazikuwa hata zikisalimiana. Baadaye wakapanga hesabu ya pamoja: timu mchanganyiko zikapita mlima kwa mlima, kiota kwa kiota, zikitumia njia moja ya kuhesabu. Hesabu ya 2015 na 2016 ilitoa gorila 604 kwenye Virunga. Ukijumlisha na wale wa misitu ya Bwindi (Uganda) na Sarambwe (Kongo) waliohesabiwa 2018, wakafika 1,063. Mwaka 2018 wakashushwa daraja moja la hatari katika orodha ya dunia ya viumbe wanaotoweka. Na mwaka 2015 mawaziri wa nchi tatu walitia sahihi mkataba wa ushirikiano wa Virunga Kubwa kuhusu wanyamapori na utalii.

Kundi la gorila la Nyakagezi lilizoeshwa watu katika hifadhi ya Mgahinga, Uganda. Likahama, likakaa muda mrefu upande wa Rwanda, na mwishoni mwa 2012 likarudi Mgahinga. Walinzi wa pande zote walijua liko wapi, nani ni mgonjwa, nani amezaa. Hakuna aliyelifyatulia risasi kwa kosa la kuvuka. Mimi nafurahi kwa hilo kwa moyo wote. Ninachowaomba ni kwamba mama wa Majengo anayekimbia moto usiku apate ulinzi ambao gorila yule ameupata.

Kazi hiyo ililipiwa kwa damu. Walinzi zaidi ya 200 wa hifadhi ya Virunga wameuawa kazini katika miongo hii. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake waliuawa walinzi 12 karibu na Rumangabo, pamoja na dereva wao na raia wanne. Wajane wao wanaishi katikati yetu. Kila mara wageni wanaposifu ushirikiano wa Virunga, majina ya watu wale yangepaswa kutangulia hotuba.

Hapa lazima niseme pia kile ambacho mikutano yenu huwa inakipita haraka. Faida ya ushirikiano huu haijagawanyika sawa. Kibali cha kuwaona gorila ni dola 1,500 Rwanda, dola 800 Uganda, na upande wetu kilikuwa dola 400 wakati hifadhi ilipokuwa wazi. Amani ikipotea Kongo, mtalii hapotei: anateremka uwanja mwingine wa ndege, anapanda mlima uleule kutoka upande mwingine. Rwanda hutoa asilimia 10 ya mapato ya hifadhi zake kwa vijiji vinavyopakana nazo, na ni sera nzuri, madarasa na matangi ya maji yanaonekana. Mkulima wa Kibumba au wa Rugari anaona matangi hayo kutoka shambani kwake. Yeye nyati humla viazi vilevile, hifadhi humkataza kuni vilevile, na malipo hayamfikii. Halafu tunashangaa makaa ya miti ya hifadhi yanapojaa sokoni Goma. Batwa, wenyeji wa asili wa misitu hii, waliofukuzwa misituni kwa jina la hifadhi katika nchi zote tatu, wako chini hata ya mkulima huyo. Ushirikiano ambao upande mmoja unabeba maiti na mwingine unabeba hoteli hautadumu, na wanaotaka udumu wanapaswa kulisema hili mezani, kwa tarakimu, na kutenga sehemu ya mapato ya mlima wa pamoja kwa vijiji vya pande zote.

Nirudi kwenye maji. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485, na huko chini kumelala takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksaidi, zimebanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Mnajua kilichotokea Ziwa Nyos, Cameroon, Agosti 1986: gesi ilitoka usiku mmoja, ikaua watu zaidi ya 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Nyos ni kidimbwi ukililinganisha na Kivu, na pembeni mwa Kivu tunaishi zaidi ya milioni mbili. Sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa kuhusu hewa inayoua. Tunajua mazuku, hewa nzito inayotuama kwenye mabonde na mashimo upande wa Sake na kando ya ziwa, inayomwangusha mbuzi kwanza na mtoto anayemfuata mbuzi baadaye.

Methani hiyo ni utajiri vilevile. Rwanda inatoa umeme nayo: mtambo wa KivuWatt wa Karongi unatoa megawati 26 tangu 2016. Upande wetu bado hakuna kilowati moja inayoingia kwenye nyaya kutoka ziwani. Mwaka 1975 nchi zetu mbili zilikubaliana kwamba gesi hii ni ya wote wawili, na mwaka 2009 wataalamu waliandika kanuni za kuichimba bila kuliamsha ziwa. Kanuni muhimu kuliko zote ni ya kurudisha maji: baada ya gesi kutolewa, maji yale yanapaswa kurudishwa kwenye kina sahihi, kwa sababu yakimwagwa juu au mahali pasipofaa, matabaka yanayoshikilia gesi yanadhoofika. Kosa la mtambo mmoja upande mmoja ni msiba wa pande zote. Kwa hiyo nani anakagua? Anakagua akiwa na ruhusa ya kuingia maji ya nani? Mamlaka ya bonde la Ziwa Kivu na mto Ruzizi, ABAKIR, ilibuniwa kwa kazi za namna hii, na mkataba wake ulitiwa sahihi 2014. Ipeni boti, maabara na neno la mwisho.

Kuhusu biashara sitasema mengi, maana mnaijua. Kila siku makumi ya maelfu ya watu huvuka bariera zetu mbili, wengi wao wakiwa akina mama wenye jetoni (karatasi ndogo ya kuvukia) mkononi na beseni kichwani: nyanya, vitunguu, maziwa na viazi vikija huku, vitenge na bidhaa za dukani vikienda huko. Agosti 2019, kwa hofu ya Ebola, mpaka ulifungwa kwa saa chache tu na mji mzima ukatetemeka. 2020 ulifungwa kwa miezi kwa sababu ya Covid, na mitaji ya akina mama hao ikaliwa nyumbani, ikaisha. Tangu Juni 2022, baada ya risasi zilizopigwa kwenye bariera ndogo, mojawapo ya hizo mbili, geti likawa linafungwa saa tisa alasiri. Kila mara wanaofunga wana sababu, na baadhi ya sababu ni za kweli. Ila ndiyo maana naogopa: geti hili tumeona linafungwa kwa dakika kumi za tangazo, na hatuna hata mstari mmoja ulioandikwa unaosema litafunguliwa lini kwa lazima. Mwaka 2002 na 2021 lilifunguliwa kwa huruma ya waliokuwa zamu. Huruma ya watu wale ilikuwa kubwa. Siwezi kuwaachia wanangu huruma ya zamu kama mpango wa kuokoka.

Sasa nijibu pingamizi, maana nalisikia tangu hapa. Mtasema: tunawezaje kushirikiana wakati damu haijakauka? Mtu wa Goma akisikia ushirikiano na majirani, moyo wake hauitikii haraka. Januari 2025 mji wetu uliingiwa kwa vita, tukazika watu wengi, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Siombi mtu asahau. Haki ina mahali pake na sitaibadilisha kwa geti. Nasema tu kwamba vita vimezidi kuifanya bariera iwe ya lazima: bila ndege, na barabara ya Rutshuru ikiwa ndiyo njia ya lava, watu wa mji huu watakimbilia wapi? Makubaliano makubwa yanayotiwa sahihi mbali, kama yale ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025, yanazungumzia usalama na uchumi wa ukanda mzima, na yakileta amani tutashukuru. Lakini mlima hausubiri utekelezaji wake.

Tena mambo ya mlimani mara nyingi hufaulu yanapoanzia chini. Canton ya Geneva, Uswisi, na mkoa wa Haute-Savoie, Ufaransa, wanachota kwenye maji mamoja ya chini ya ardhi. Mwaka 1978 mamlaka hizo mbili za mpakani, bila kusubiri nchi zao ziandike mkataba mkubwa, zilikubaliana nani achote kiasi gani na nani alipie kujaza tena. Makubaliano hayo yalifanya kazi miaka 30, kisha yakaandikwa upya 2007. Na kwenye bonde la Cerdanya, milima ya Pyrenees, kuna hospitali moja iliyofunguliwa 2014 upande wa Hispania, inayolipiwa na nchi zote mbili na kuwatibu Wafaransa na Wahispania wa bonde lile. Wakati wa baridi theluji ilikuwa inawafungia wagonjwa wa Ufaransa barabara ya hospitali yao ya mbali. Walijenga iliyo karibu, ng'ambo. Hata kwetu lipo la kujivunia: mitambo ya Ruzizi II, iliyokamilika 1989 chini ya CEPGL, imewagawia umeme Kongo, Rwanda na Burundi katikati ya vita vyote hivi. Mafundi wa pande tatu walikubaliana kwamba mtambo hauzimwi.

Kwa hiyo makubaliano ninayoomba yasizidi kurasa mbili. Yataje nani anapiga simu na nani anafungua, kwa cheo, ili akibadilika mtu kazi ibaki. Yataje viwanja vya kupokea watu Rubavu na Goma, kwa sababu siku moja ziwa linaweza kuwakimbiza wao kuja kwetu. Yataje maji na dawa ya kipindupindu vitakavyowekwa tayari kabla. Yasitaje mpaka uko wapi, nani alimkosea nani, wala nani ana haki ya kutawala wapi. Maneno hayo yatayaua kabla ya sahihi ya kwanza. Yawape wanasayansi wa Goma na wenzao wa Rwanda na Uganda laini moja ya data inayolipiwa na nchi zote tatu, pamoja na ruhusa ya kutoa tahadhari wenyewe bila kungoja waziri aamke. Na angalau mara moja kwa mwaka geti lifunguliwe kwa jaribio, wananchi wavuke kweli, watoto wa shule na wazee na wagonjwa, tuone msongamano unatokea wapi.

Ukumbi upo: CEPGL, iliyoanzishwa 1976, ina makao yake Gisenyi, mwendo mfupi kutoka bariera. Naomba tarehe ya mkutano wa kwanza, na naomba itangazwe redioni kwa Kiswahili na Kinyarwanda, Goma na Rubavu, siku moja.

Mkaaji wa kartiye Majengo, komine Karisimbi, Goma